Tisini na Saba

Mwalimu wetu wa fizikia kidato cha tano alibandika masharti yake ukutani, na la kwanza lilisema: "Andika unachokiona." Mimi mtoto wa Kihonda, huko chini tambarare, nikaamini. Shule ilikuwa juu mlimani, Uluguru, na siku tulipopima joto la maji yanayochemka, kipimajoto changu kiligoma kwenye tisini na saba. Nikaandika tisini na saba. Nikapewa kosa kwa wino mwekundu, na amri ya kwenda kusoma kitabu.

Nikakisoma. Kurasa chache mbele, kitabu hichohicho kilieleza kwamba mlimani maji huchemka kabla ya kufika mia. Nikakifunga. Jaribio la marudio sikuwasha hata jiko. Niliandika mia, nikasifiwa mbele ya darasa kwa umakini. Umakini, ati!

Leo mwalimu ni mimi, shule ileile, na sharti lile nimeliandika upya kwa herufi kubwa. Juzi nilisahihisha madaftari ya jaribio hilohilo. Wote wameandika mia. Mtungi wa gesi wa maabara ni mtupu tangu wiki iliyopita, na ninayepaswa kuagiza mwingine ni mimi.

Nimewapa vema wote.