Kifungo alichokijua Idrisa

Ndugu zangu, naandika hapa na akili yangu bado inakataa. Idrisa hatunaye. Yule mpimaji ardhi mwenzangu wa hapa Kibaha, ambaye nimemposti humu mara nyingi amepiga magoti shambani na mashine yake ya kutafutia vyuma.

Jumatano jioni tuliagana kituoni Kwa Mathias tukicheka. Alhamisi asubuhi mkewe akanipigia: "Shemeji, njoo. Idrisa haamki." Alasiri tulikuwa tumeshamzika.

Wengi mmeniuliza inbox alikuwa anaumwa nini. Hakuwa anaumwa. Aliswali alfajiri, akarudi kujilaza kidogo, basi.

Kwa wasiomjua: ile mashine ni ya kazi. Bikoni za zamani, yale mawe ya zege ya mpaka, huzama ardhini, na ndani yake kuna nondo, kwa hiyo mashine ikilia unajua mpaka uko hapo. Sisi wengine tukipata bikoni tunapiga GPS tunaondoka. Yeye akisikia mlio mwembamba pembeni, site nzima imesimama.

Mara nyingi huo mlio ulikuwa kizibo cha soda. Lakini kuna siku kilitoka kifungo cha shaba, cha koti la askari wa vita vya wakoloni. Droo yake ofisini ilijaa vifungo mpaka boss akachoka kuuliza.

"Kaka, watu wakipata kifungo wanakimbilia kusugua mbele waone taji," aliniambia. "Mjerumani ana taji, Mwingereza naye ana taji. Wewe geuza nyuma. Nyuma ndiko kiwanda kilikoandika jina la mji wake." Nikamwambia alitakiwa kuoa kifungo. Akasema kweli, kifungo hakinuni.

Sasa ukienda Kisarawe na mashine inayolia, jiandae. Kila mtu kule ana habari zake za mali ya Mjerumani iliyofukiwa. Mwezi uliopita tulikuwa Kibuta, huko huko Kisarawe, tunatafuta bikoni kwenye shamba la Bibi Mwanahawa. Mashine ikalia pale ilipokuwa nyumba ya marehemu baba yake. Kufumba na kufumbua majirani wamejaa, wengine na majembe, mmoja kaja na gunia kabisa.

Kikatoka kifungo kimoja, kimejaa tope. Mwenye gunia aliondoka bila kuaga.

Idrisa alikuwa na utaratibu wake. Kinachotoka ardhini anakishika kwanza mwenye shamba. Halafu shimo linafukiwa na majani yanarudishwa juu, mpaka huoni palipochimbwa. Akampa bibi kifungo kwa mikono miwili.

Bibi akakifumbata. Akatuambia baba yake alikwenda vita ya Mwingereza, akarudi na koti la jeshi, akafariki bibi mwenyewe bado mdogo, hajapata akili. Hana picha yake, hana chochote. "Wajukuu zangu, hebu niangalizieni kama hiki ni cha baba. Nami nipate kitu cha kushika."

Idrisa alimwahidi jibu Jumamosi hii. Bibi akamkabidhi kifungo aende nacho.

Jumatano baada ya magharibi, akiwa amerudi ofisini, akanitumia voice note: "Kifungo cha bibi nimekijua. Sikwambii sasa hivi. Kesho kazini, nataka nikuone uso." Nimeisikiliza mpaka mke wangu kaninyang'anya simu.

Makaburini walinipa chepe kama wengine, ingawa mimi Mkristo. Tulipomaliza nikajikuta naangaza huku na huku, natafuta majani ya kurudishia juu. Mzee mmoja akaniuliza, "Umepoteza nini, mwanangu?"

Ijumaa nilifungua droo yake. Kifungo kilikuwa kwenye kikopo cha dawa, mbele hakikusuguliwa. Nikachukua ile lensi yake iliyofungwa selotepu, nikageuza nyuma. Herufi zimelika, lakini mji unasomeka: London.

Nilikaa chini sakafuni, mtu mzima mimi, ofisi nzima inaniangalia.

Jana, Jumamosi yenyewe, nimekwenda Kibuta peke yangu. Bibi alikuwa ameshatandika mkeka, mihogo iko tayari. "Shikamoo, bibi." "Marahaba. Mwenzio mbona simuoni?"

Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Yote yakapotea, nikamwambia tu, bibi, Idrisa tumemzika. Alishika kichwa akasema "yule yule aliyekuwa hapa?" kama vile nimekosea mtu. Hata mimi ningetamani niwe nimekosea mtu.

Nikampa kifungo kwa mikono miwili. Nikamwambia siwezi kuapa kuwa ni cha baba yake, ila ni cha koti la askari wa Mwingereza, na kwenye nyumba ile koti la namna hiyo alikuwa nalo yeye tu. Nikamwambia Idrisa ndiye aliyekijua kwanza.

Bibi akakifunga kwenye pindo la khanga, fundo juu ya fundo. Akasema, "Baba yangu nimempata leo. Yule kijana ndiye aliyetakiwa aniangalie uso sasa hivi." Kisha akaniambia atawasomea dua wote wawili pamoja. Mihogo hatukuigusa.

Idrisa, uso wa bibi nimeuona kwa niaba yako. Amelia na amecheka, vyote pamoja, na alikuwa anaipapasa khanga kila mara kuhakikisha kifungo kipo. Na ndiyo, niligeuza nyuma kwanza, usianze.

Mashine yako mkeo amesema niichukue. Ipo hapa kwenye kona, sijaiwasha.

Lala, kaka. Mvua zikianza nitakuja kuangalia kama majani yamerudi juu.