Mjomba Hakuulizwa

Kwetu Mafia mtu huanza kuwa mtu kwa salamu. Mtoto hajajua kufuta kamasi lakini shikamoo anaijua. Sasa mfikirie mtu mzima, mwanamume mwenye ndevu zake, unampa shikamoo haitikii, na akipitwa na mzee hampi shikamoo wala hamtazami. Huyo alikuwa mjomba wangu, kaka yake mama, tumbo moja.

Wengine walisema ana kiburi. Wengine walisema alilogwa utotoni. Mama alikuwa akisema, "Kaka yangu ndivyo alivyo," kisha anaingia jikoni, na moshi unakuwa kisingizio cha macho yake.

Mjomba aliishi peke yake katika kibanda cha makuti, mwisho wa shamba la minazi, palipokuwa na mashimo ya makumbi. Kwa asiyeijua kazi hii: makumbi, yale maganda ya nje ya nazi, hufukiwa mashimoni, pale maji yanapofika yakijaa na kuondoka yakipwa. Hukandamizwa kwa mawe na kuachwa miezi mpaka yaoze. Yakifukuliwa yananuka mpaka mbwa anageuza njia. Hapo hupigwa kwa rungu, zikatoka nyuzi zake, ndio usumba, na usumba ukasokotwa kamba. Kwetu hii ni kazi ya wanawake. Ndiyo maana vijana wakipita walimwita bibi.

"Bibi, hujambo? Bwana kaenda wapi leo?"

Yeye hata kope hapepesi. Anapiga tu, mapigo yaleyale. Nilipokuwa mdogo nilidhani maneno yale yanaanguka mchangani kabla hayajamfika. Kumbe yalimfika. Kamba ya siku hizo aliikaza mno, ikawa ngumu kama mfupa.

Aliyenionyesha namna ya kukaa naye ni fundi wa majahazi kutoka Jibondo. Watu wa Jibondo walikuja kwetu kuchota maji, na huyu kabla ya kurudi kwao alipitia kwa mjomba kuchukua kamba. Hakumsalimu. Alikaa chini, akampa mgongo, akavuta fungu la usumba, akasokota na yeye. Mwishowe ni mjomba aliyeuliza, "Ya nanga au ya tanga?" Fundi akajibu, "Ya nanga." Basi, mazungumzo yamekwisha na yametosha.

Nilimfuata yule fundi njiani nikamuuliza mbona hamsalimu mwenzake. Alicheka.

"Mwanangu, nyumba ya yule mlango wake uko nyuma. Nyinyi kila siku mnagonga ukuta."

Nikaanza na mimi. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea, nikapewa kufundisha ngumbaru, watu wazima waliokuja kujifunza kusoma baada ya shughuli zao. Kabla ya darasa nilishuka ufukweni, nikampa mjomba mgongo, nikasokota. Kamba yangu ilikuwa kama mkia wa panya aliyeungua. Siku nyingi hakusema neno. Kisha siku moja akanyoosha mkono, akaichukua kamba yangu, akaifumua yote, akanirudishia usumba wake. Nilifurahi siku hiyo kama niliyepewa kanga.

Baada ya hapo maneno yakaanza kuja, machache, yakija yenyewe. Aliniambia shimo lipi hujaa kwanza, na kwamba kila shimo lina sauti yake maji yanapoingia. Aliniambia ngoma za harusi humwingia kwenye meno. Kuhusu salamu alisema, "Wakinisalimu wananitazama. Macho yao ni mengi." Mimi sikumwambia afanye hivi au aache vile. Nilimrudishia tu alichosema, nijue kama nimesikia sawa. Akijibu "Ndiyo," tunaendelea. Akijibu "Sivyo," ananieleza upya. Hiyo "sivyo" yake niliipenda kuliko vyote. Mtu ambaye dunia nzima inamwambia sivyo, naye kapata pa kuisemea.

Mimi ni mtu wa ndoto, sifichi. Nikaanza kuota nyumba ya kusikilizia. Nyumba nyeupe, imepakwa chokaa, iko mbali na mashine ya kusaga, na watu wazima walio kama mjomba waje wakitaka na wasije wasipotaka. Hakuna ngoma, hakuna wa kuwaambia wakae vizuri. Pawe na mtu ambaye kazi yake ni kukaa nao, mmojammoja, mpaka wenyewe waseme. Niliwaeleza wanafunzi wangu, akina mama wa ngumbaru. Walicheka mpaka mmoja akaangusha chaki.

"Mwalimu, serikali ikulipe kwa kumgeuzia mtu mgongo? Basi mume wangu angekuwa tajiri."

Nilicheka nao. Miaka ile kila kitu kilionekana chaweza kuwa. Tulikuwa tumeambiwa tuhamie kijiji kipya cha ujamaa, kando ya barabara, nyumba zimepangwa mistari, na shamba la pamoja, na zahanati itakuja, na maji ya bomba yatakuja. Niliimba nyimbo zote, na nilizimaanisha. Lakini mjomba naye alipimiwa kiwanja chake, na kiwanja chenyewe kilikuwa kati ya mashine ya kusaga na uwanja wa mikutano. Mama alifurahi. Kaka yake atakuwa karibu, atapata uji wa moto.

Nikashuka ufukweni, nikampa mgongo, nikasema, "Mjomba, wanataka uhamie juu. Wewe unataka nini?"

Rungu lilisimama. Halikuanza tena mpaka nilipoondoka. Kesho yake, nimekaa, akasema, "Nataka kukaa hapa nisikie maji yakiingia shimoni. Kamba nitawapa kijiji."

"Unataka kubaki, na kamba iwe mali ya kijiji."

"Ndiyo."

Nilipanda kwa mwenyekiti wa kijiji mbio, kama nimebeba barua ya heri. Hakuwa mtu mbaya. Baba yangu alipokufa, yeye alikuwa mbele ya jeneza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema jambo hilo lataka kikao, na mwenye shida aje aseme mwenyewe. Nikamwomba washuke wao, hata wawili, wakae kidogo pale mashimoni, wasimtazame. Alitabasamu.

"Binti yangu, mtu ndiye hukifuata Chama. Chama hakimfuati mtu mashimoni, tena kinyumenyume."

Mjomba alikubali kuja. Nilimweleza kila kitakachotokea kwa mpangilio wake, na makofi pia nikamwambia yatakuwepo. Alisema atayangoja yapite. Siku ya mkutano alivaa shati safi, akabeba kamba mpya, zawadi yake kwa kijiji, akasimama pembeni karibu yangu. Mkutano ukaanza. "Uhuru!" "Na kazi!" Makofi, vigelegele, na kijana mmoja kwa furaha zake akaanza kupiga debe, na wenzake wakampokea. Debe halikupita. Mjomba aliangusha kamba, akaziba masikio, akachuchumaa, akaanza kuvuma kama nyuki, akienda mbele na nyuma.

Debe likakoma. Kisha kikongwe mmoja akasema, taratibu kabisa, "Pepo huyo. Kampanda."

Na mama yangu akavua kanga yake, akamfunika nayo kaka yake, kama anavyofunikwa mtu aliyepandwa. Niliuona uso wake. Uling'aa. Miaka yote kaka yake alikuwa na kiburi, na kiburi hakina dawa. Leo ameambiwa ni pepo, na pepo hupungwa. Nimejaribu kumchukia mama kwa ajili ya uso ule, nikashindwa.

Mama alichinja mbuzi wake. Fundi wa pepo akaja na ubani wake na wapiga ngoma wake. Walianza baada ya adhuhuri, mjomba amekalishwa katikati, amefunikwa shuka, ngoma zote zimemwelekea yeye. Walikuja watu ambao hawakuwahi kukanyaga mashimoni kwake hata siku moja. Walipiga makofi mpaka viganja vikawa vyekundu, wakaimba mpaka sauti zikakauka, na wallahi, walifanya kwa mapenzi. Mimi nilisimama nyuma, na kila pigo nililisikia kwenye meno.

Sasa, desturi ni kwamba pepo akishapanda huulizwa. Ngoma zikakatwa. Fundi akainama juu ya shuka, akauliza kwa adabu, kama anayemuuliza mgeni wa heshima, "Karibu. Wewe ni nani, na unataka nini?"

Chini ya shuka ikatoka sauti ya mjomba, ileile ya ufukweni, haina kigugumizi.

"Nataka shimoni. Nataka nikae shimoni nisikie maji."

Nikasema, "Ni yeye. Ni mjomba anayesema, si pepo." Mama akanishika mkono akanivuta nyuma. Fundi hakukasirika.

"Pepo hana ulimi wake, mwanangu, huazima wa mtu. Huyu ni wa mashimoni, kajitaja mwenyewe."

Kwa kawaida pepo hupewa anachotaka. Akitaka marashi, marashi. Akitaka shuka nyeupe, shuka nyeupe. Lakini pepo anayetaka kumchukua mtu shimoni, huyo hapewi. Wazee walikubaliana palepale, na mwenyekiti akaafiki, kwamba makao yake yafukiwe.

Kesho yake walishuka wote na majembe. Ilikuwa kazi ya kujitolea, na sijapata kuona kazi ya kujitolea iliyojaa watu kama ile, hata shambani pa kijiji. Waliyajaza mashimo mawe na mchanga, makumbi yakiwa bado humohumo ndani. Kibanda wakakitia moto. Waliimba zile nyimbo nilizokuwa nikizipenda.

Mjomba sasa anakaa juu, katika mstari wa tatu, dirisha linatazama mashine ya kusaga. Na anasalimia. Yaani amejifunza. Ukimpa shikamoo anaitikia marahaba. Usipompa pia anaitikia. Mbuzi akipita anamwitikia. Watu wamefurahi sana, wanasema kapona, na mama huwaambia wageni, "Njooni mumwone kaka yangu." Nyumba yangu ya kusikilizia bado naiota, na bado naipaka chokaa, ila sijui nitamkaribisha nani wa kwanza.

Kila nikitoka darasani napitia kwake. Nampa mgongo, nasokota usumba niliouomba kwa akina mama wa mashimo ya upande wa pili. Kamba yangu siku hizi inashika. Yeye hasokoti, wala hajanifumulia. Juzi mashine ilikuwa imezimwa, pametulia, nikaona labda leo. Nikasubiri sana, kisha nikasema polepole, bila kugeuka, "Mjomba, unataka nini?"

Akasema, "Marahaba."