Nilimshtaki Fundi Wangu kwa Kamati ya Kanisa kwa Sababu ya Tone la Rangi ya Kucha

Admin, nakuomba ufiche jina langu kabisa, kwa sababu watu wa kanisa letu wako kwenye hii page. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na tatu, nina mke na watoto watatu, naishi upande wa Kericho, si mbali na Kiptere. Nina majani chai kidogo na ng'ombe wawili, lakini ugonjwa wangu ni amplifaya za gitaa za zamani, zile za valvu, vile vioo vinavyowaka ndani kama balbu. Nanunua zilizokufa, nazifufua, nyingine nauza, nyingine nashindwa kuziachilia.

Na kabla hamjanihukumu, nikiri kwamba mimi ni mtu wa kushuku. Nikipeleka majani chai nasimama karibu na mizani mpaka karani ananuna. Nikishonewa suruali, naulizia kitambaa kilichobaki. Sijivunii, ndivyo nilivyo.

Mwaka jana nilipata amplifaya moja Chepseon, kwa mzee aliyekuwa akipiga gitaa kwenye ukumbi wa wafanyakazi wa shamba la chai. Ilikuwa stoo, chini ya magunia ya mahindi. Nilipoiwasha, gitaa lilinguruma kwa ukali ambao sijawahi kusikia, sauti ya kukwaruza inayokushika kifuani. Mama watoto alitoka jikoni mbio akidhani kitu kimelipuka. Niliipenda kuliko inavyofaa kupenda bati na waya. Baada ya wiki tatu ikaanza kuvuma na kutoa harufu ya kuungua.

Kubadilisha valvu naweza. Lakini umeme wa ndani ya hizi mashine uliwahi kunitupa ukutani, kwa hivyo kazi kubwa nampelekea fundi. Nitamwita Wesley, si jina lake. Tumesali kanisa moja tangu tukiwa vijana, na ndiye aliyeshika ufunguo wa chumba cha vyombo vya muziki.

Sasa mnajua vile watu husema, eti mafundi hutoa kizuri wakaweka kibovu. Transfoma ya amplifaya ile, lile pande la chuma la kubadilisha umeme, ni ya zamani, na kuna watu Nairobi wanaitafuta kwa udi na uvumba. Nikachukua rangi nyekundu ya kucha ya mke wangu, nikatia tone nene kwenye mguu wa transfoma na doa dogo kwenye kila valvu. Mke wangu akanitazama.

"Na mimi ukinipeleka saluni, utaniwekea alama?"

Sikucheka.

Wesley alikaa nayo siku kumi. Kila nikipita nakuta mlango wa karakana yake umerudishwa. Siku moja aliniona akafunika meza na gunia, eti vumbi la barabara. Aliponirudishia ilikuwa inang'aa. Nikachomeka gitaa. Sauti ilikuwa safi, lakini ule ukali haukuwepo.

"Wesley, mbona hailii vile ilikuwa inalia?"

"Ilikuwa inalia hivyo juu ilikuwa mgonjwa," akasema. "Kapasita zote zilikuwa zimeoza. Nimeweka mpya. Saa hii ndio imepona."

Nyumbani nikafungua nyuma. Valvu hazina doa. Mguu wa transfoma, chuma kitupu.

Sikumpigia simu. Nilienda moja kwa moja kwa kamati ya kanisa, nikasema mtu tuliyempa ufunguo ni mwizi. Wakamwita. Alisimama mbele ya wazee sita, kofia mkononi.

"Mimi huosha kila kitu na thina kabla nirudishe," alisema. "Kutu, grisi, rangi, yote inatoka. Uliza mtu yeyote mwenye nimemtengenezea."

"Kila fundi ana maneno," nikamjibu.

Wazee wakaangaliana. Wesley akaweka ufunguo mezani, akasema, "Ni sawa, ndugu," akatoka. Habari ilifika sokoni kabla yake. Watu wakaacha kumpelekea hata redio. Siku hizi anachuma majani chai kwa shamba la watu, na mkewe akiniona anavuka barabara.

Wiki mbili zilizopita niliamua kurudisha ule ukali mwenyewe. Niliacha mashine bila umeme siku mbili, nikafungua nati za transfoma nifikie waya zilizo chini yake. Ilikataa kutoka. Nikapenyeza bisibisi, ikaachia kwa mlio mdogo. Chini ya mguu kulikuwa na rangi nyekundu. Tone langu lilikuwa limetiririka likaingia kati ya mguu na bati, likakauka, likavigandisha pamoja. Nusu ilibaki kwenye mguu, nusu kwenye bati. Thina haikufika huko. Hakuna mtu aliyewahi kuinua ile transfoma tangu niitie alama. Nikatafuta picha niliyopiga kwa simu siku niliyoinunua, na valvu ni zilezile, hata ile moja yenye kioo chenye ukungu.

Nilikaa sakafuni nikitafuta njia nyingine ya kumshuku. Jamani, nilitafuta kweli. Sikuipata. Nimeharibu jina la mtu bure, na naona aibu.

Shida ni kwamba Jumapili hii wazee wamepanga niombewe mbele ya kanisa na nipewe ule ufunguo, eti mimi ni mwaminifu na nina jicho kali. Mke wangu ameshanipigia suti pasi. Sijamwambia. Na huu moyo wangu mbaya unaninong'oneza kwamba Wesley anajua nimegundua ukweli, ananingoja tu aone nitafanya nini. Bado anakuja kanisani kila wiki, anakaa benchi la nyuma na watoto wake.

Najua mtasema nimwendee nyumbani nimwombe msamaha. Hiyo naweza. Lakini nilimwita mwizi mbele ya watu. Wakiniambia nipige magoti waniwekee mikono, na yeye yuko pale nyuma ananitazama, nifungue mdomo nianze na neno gani? Ndugu zangu, nishaurini kabla ya Jumapili.