Bi Haipatikani

Mtaa mzima ulimwita Bi Haipatikani, naye jina hilo hakulipenda wala hakulikataa. Akienda kununua sabuni, muuza duka humpokea kwa makelele: "Ala! Leo umepatikana?" Naye hujibu, "Jaribu tena baadaye," na wote wawili hucheka, hata kama utani wenyewe umeshachuja kama kanga ya miaka kumi. Maana kila mwenye simu ya mtandao mmoja mkubwa aliwahi kuambiwa na mwanamke huyu, kwa sauti ya kumtoa nyoka pangoni, kwamba namba anayopiga haipatikani kwa sasa. Wachumba waligombana kwa sababu yake. Mabosi walimlaani asubuhi asubuhi bila kumjua. Yeye mwenyewe alikuwa zake barazani, anashona sare za shule.

Hakuanzia kwenye cherehani. Ujana wake aliumalizia katika chumba kidogo nyuma ya mapokezi ya hospitali, mkonga wa simu umebanwa begani, akiunganisha simu za wodini na za nje. Miaka kumi na mmoja ya kazi hiyo ilimfundisha kumwambia mtu "subiri kidogo" kwa namna ambayo mtu husubiri kweli. Meneja mmoja wa kampuni ya simu, aliyekuwa akipiga kila siku kumwulizia mama yake aliyelazwa, aliisikia sauti hiyo akaitaka.

Walimrekodi asubuhi moja, katika chumba kilichoangikwa magodoro ukutani ili mwangwi usiingie. Zilikuwa sentensi arobaini na mbili, zimepigwa chapa kwenye karatasi mbili. Alipofika ya tisa, fundi mitambo akamkatiza.

"Dada, tabasamu."

"Nimtabasamie nani, humu si tuko wawili tu?"

"We tabasamu tu. Ukitabasamu inasikika. Hatutaki mteja akasirike."

Akatabasamu. Mara ya nne fundi akainua kidole gumba, na tabasamu lile likaingia kwenye mitambo pamoja na maneno.

Kisha akaletewa mkataba wa kurasa nne. Kifungu cha saba kilisema kampuni itaitumia sauti yake milele, kwa chombo chochote kilichopo au kitakachobuniwa. Akauliza hiyo milele ni milele gani. "Lugha ya wanasheria tu hiyo, dada, usiitie moyoni," akajibiwa. Hakuna mwanasheria aliyewahi kuandika milele akimaanisha Ijumaa ijayo, lakini nani angemwambia? Alitia saini, akapewa chakula cha mchana na mwavuli wenye nembo ya kampuni.

Miaka sita baadaye hospitali iliing'oa swichibodi, ikanunua mashine ya kupokea simu kutoka kampuni ile ile. Siku aliyokabidhi ufunguo wa chumba chake alipiga namba ya hospitali kuijaribu, na mashine ikampokea kwa sauti yake mwenyewe. Akafunga virago, akanunua cherehani, na kisa hicho akakigeuza kichekesho cha kuwasimulia wateja wake wakati anawapima mabega.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume. Baba wa mtoto aliondoka kabla mtoto hajaota meno, na habari zake ziishie hapo. Mtoto alijivunia mama yake kupita kiasi. Alikuwa akizima simu moja na kuipigia kwa nyingine ili wenzake wasikie. "Huyo mama yangu! Huyo!" Wakimbishia, humvuta mama kutoka uani aje ayaseme maneno yale kwa mdomo, na mama, mikono imejaa povu la sabuni, huyasema, tena kwa tabasamu lile lile alilofundishwa.

Kijana alikua akawa fundi wa kufukia nyaya za mtandao. Alipofikisha miaka ishirini na sita alipata kazi ya miezi mitatu nchi jirani. Asubuhi ya kuondoka alisimama mlangoni na begi lake la vifaa.

"Nikifika nitapiga, Mama."

"Usiponipigia nitakupigia mimi, Baba."

"Ukinikosa utajijibu mwenyewe," akasema kijana, akacheka, akaenda.

Hakupiga. Siku ya tatu, saa moja kasorobo jioni, saa ambayo mafundi wamekwisha kunawa udongo, mama akapiga yeye. Simu ilinyamaza kidogo. Halafu akajisikia mwenyewe, mwanamke wa miaka thelathini na moja, akimweleza kwa furaha kwamba namba anayopiga haipatikani kwa sasa, tafadhali jaribu tena baadaye. Akakata. Baadaye akajaribu tena, kama alivyojiagiza.

Polisi walimtuma kwenye kampuni ya simu. Kampuni ikamwambia kwamba taarifa za mteja ni siri, na sheria hairuhusu kumpa hata mzazi bila amri ya mahakama. Miezi mitano ikapita ndipo hakimu akatia saini, na jibu lililokuja lilikuwa la mstari mmoja: simu ya kijana ilionekana mara ya mwisho kwenye mnara wa mji wa mpakani, Jumanne, saa nane mchana. Kampuni ya nyaya ilisema kijana hakuwa wake, alikuwa wa kampuni ndogo iliyopewa tenda. Kampuni ndogo ikasema alikuwa wa kampuni ndogo zaidi. Hiyo ndogo zaidi haikuwa na ofisi.

Basi akabaki na saa moja kasorobo yake. Miaka miwili hakukosa hata siku moja, awe na homa, awe na sare hamsini za kumalizia. Muuza duka aliacha utani, akawa anampa sabuni huku anatazama chini. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wake ulikuwa na mwiba wa ziada: kilichomuua hakikuwa yale maneno, kilikuwa lile tabasamu. Kila siku alijisikia akimtangaza mwanawe kuwa hayupo, na akilitangaza hilo kwa raha. Alianza kujichukia. Alifika mahali akawa ananong'ona tu hata kwa wateja, asiisikie sauti yake ndani ya nyumba.

Jirani yake alikuwa karani wa mahakama mstaafu, mzee aliyezungumza kama hati ya mashtaka hata anapoomba chumvi. Siku moja mama akamwendea na ule mkataba, umekunjika na kunuka dawa ya mende.

"Kaka, nataka wanitoe kwenye simu."

Karani aliusoma wote, miwani imemkalia puani. "Hapa ulijifunga, dada. Hiki kifungu cha saba si kifungu, ni kufuli." Akausoma tena. "Lakini siku hizi ipo sheria ya taarifa binafsi. Inasema sauti ya mtu ni mali yake kama alama ya kidole chake, na ridhaa aliyoitoa anaweza kuiondoa. Haijajaribiwa bado kwa jambo kama hili. Tukajaribu?"

"Tukajaribu."

Malalamiko waliyaandika juu ya meza ya cherehani, wakayapeleka kwa mamlaka inayosimamia kampuni za simu, na baada ya miezi minne wakaitwa mbele ya kamati. Chumba kilikuwa na meza ndefu yenye kitambaa cha kijani, chupa za maji na feni iliyokuwa ikilalamika kuliko walalamikaji. Wajumbe walikuwa watatu, mwenyekiti wao mwanamke wa makamo. Upande wa pili aliketi mwanasheria wa kampuni, binti mwenye suti ya kijivu, ambaye aliinuka akamsalimu mama shikamoo kabla ya kuanza kumpinga.

"Waheshimiwa, mkataba ni mkataba," alisema. "Sauti hii wateja milioni nne wameizoea. Leo ataondoka yeye, kesho atakuja aliyepigwa picha kwenye bango, keshokutwa aliyetunga mlio wa simu. Kampuni itafanyaje kazi ikiwa kila kilichosainiwa kinaweza kufutwa?"

Haikuwa hoja ya kipuuzi, na wajumbe waliiandika. Mwenyekiti akamgeukia mlalamikaji. "Mama, unadai fidia ya kiasi gani?"

"Sidai fidia, mheshimiwa. Naomba ninyamazishwe."

"Hebu tufafanulie."

Akatoa simu mkobani, akaiweka juu ya kitambaa cha kijani, akabonyeza namba bila kuitazama, akawasha spika. Chumba kizima kikasikia. Wajumbe wakaitazama simu, kisha wakamtazama yule mwanamke aliyekonda mbele yao, kisha simu tena.

"Hiyo ni namba ya mwanangu," akasema, na sauti ilikuwa ile ile, imekwaruzika tu. "Huu mwaka wa tatu. Kila siku nampigia, na kila siku najiambia mwenyewe kwamba hapatikani. Na nimefurahi, waheshimiwa. Sikilizeni vizuri. Nimefurahi."

Mwenyekiti alifungua chupa ya maji asinywe. Binti mwenye suti ya kijivu alianza kukusanya karatasi zake, ambazo hazikuwa zimetawanyika, na alipoulizwa kama ana la kuongeza alitikisa kichwa.

Uamuzi ulitoka baada ya wiki tano. Kampuni ilipewa siku sitini kuiondoa sauti ile kwenye mitambo yake yote, kwa kuwa neno milele kwenye karatasi haliwezi kumfunga mtu kooni asipotaka tena. Magazeti yaliandika. Kampuni nyingine ziliharakisha kurekebisha mikataba yao, milele ikawa miaka mitano. Karani aliambiwa kwamba hata vyuoni wanafunzi wa sheria wanalisoma Shauri la Haipatikani, na habari hiyo aliitembeza mtaani nyumba kwa nyumba.

Zilipobaki siku chache, binti wa kampuni alipiga simu mwenyewe. "Mama, shikamoo. Tumeshampata mwingine, anarekodi kesho. Kuna lolote ungependa tumwambie?"

"Msimwambie atabasamu, mwanangu."

Siku ya sitini karani alikuja barazani na soda mbili baridi, amevaa koti alilokuwa akilivaa mahakamani. Saa moja kasorobo mama akapiga. Simu ikanyamaza kidogo kama kawaida yake. Kisha ikaja sauti ya msichana, tulivu, safi, isiyo na furaha wala huzuni, ikasema namba anayopiga haipatikani kwa sasa.

"Wamebadilisha?" karani akauliza.

"Wamebadilisha."

"Basi tumeshinda, dada! Tumeshinda!"

Mama akaivuta simu. Akapiga tena, akasikiliza mpaka mwisho. Akapiga mara ya tatu. Soda yake ilikuwa imefunguliwa na mapovu yake yanaisha.

"Yule wa zamani nilikuwa namjua," alisema polepole. "Alikuwa anasoma karatasi. Yuko kwenye chumba cha magodoro anasubiri chakula cha mchana, mwanangu ana miaka saba, yuko shule, mzima. Kila aliponiambia hapatikani nilikuwa namwambia moyoni, wewe unajua nini? Hujamtafuta mtu wewe." Akaigeuza simu kifudifudi. "Huyu simjui, kaka. Huyu anasema kama mtu aliyekwenda akaangalia."

"Naye anasoma karatasi tu, dada."

"Najua. Lakini yule nilikuwa mimi."

Karani, aliyekuwa na kifungu kwa kila jambo, aliiweka soda yake chini. Akavua koti lake la mahakamani, akamfunika nalo mabega, kwa sababu mama alikuwa ameanza kulia. Miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kumwona akilia. Sasa alilia kwa sauti, kama anavyolia aliyeletewa habari mlangoni, mpaka muuza duka akaacha wateja wake akaja, na majirani nao wakaja, na hakuna aliyeuliza amefiwa na nani.

Kesho yake alikaa kwenye cherehani tangu asubuhi. Saa moja kasorobo ilipofika simu ilikuwa mezani, imejaa chaji. Aliitazama, akavuta sare nyingine, akaendelea kushona.