Kufuli la Somoe bado liko mlangoni

Mpaka sasa akili imegoma. Somoe, neno "marehemu" halikai mbele ya jina lako.

Kwa msiomjua: Somoe alikuwa rafiki yangu tangu sekondari, na alikuwa na banda la kubangua korosho kule Chilangala. Amefariki wiki hii. Bodaboda aliyopanda iligongana na lori akija Newala mjini, ofisini kwetu halmashauri. Mimi ni karani pale. Wakubwa zangu wapo humu mtandaoni na wananifuata. Naandika hivyo hivyo.

Tulipomaliza chuo, sisi wengine tulituma maombi ya ajira. Yeye akanunua kikaango cha korosho. Tulimcheka! "Nyie tafuteni kazi," alisema, "mimi naitengeneza."

Alianza na mama yake. Akaja Mama Bakari, jirani. Baadaye benchi likajaa wanawake waliozoea kuuza korosho ghafi, kisha kukaa tu mpaka msimu mwingine.

Walipaka majivu mikononi ili mafuta ya ganda yasiwaunguze. Walibangua, walicheka, walimsema kila mtu kijijini. Ukiuliza bosi yuko wapi, ni yule mwenye majivu mpaka kwenye viwiko.

Nilipoajiriwa alinipigia: "Hongera karani! Sasa nina mtu wangu mezani." Nikamwambia asinitegemee, mimi muoga. "Najua. Ulikuwa unaogopa hata kengele ya shule."

Akaja kuomba mkopo wa vijana. Akajibiwa: hilo ni banda tu, si kiwanda.

Baadaye wakaenda wakaguzi wetu. Wakasema: kiwanda hiki hakina bomba la moshi. Wakatia kufuli.

Alikuja kumwona bosi wangu. Nilikuwepo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Bomba limejengwa?"

"Baba, nikiomba mkopo mimi ni banda. Nikitoa moshi mimi ni kiwanda. Leo nimekuja nikiwa nani?"

Foleni nzima ilicheka. Bosi hakucheka. "Njoo wiki ijayo."

Akawa anakuja kila wiki. Ofisini tunaita follow-up. Lori ndilo lililomgonga, sikatai. Lakini nani alimrudisha kwenye barabara ile wiki baada ya wiki, kwa jibu ambalo lingeweza kutoka siku ya kwanza?

Na mazikoni bosi akashika maikrofoni! "Tumempoteza kijana aliyetengeneza ajira. Mfano wa kuigwa."

Mama Bakari akasimama. "Kama ni mfano, kufuli la nini?"

"Mama, hapa ni msibani."

"Ndiyo, baba, msibani. Wengine hapa tumefiwa na kazi pia."

Leo tumeanua tanga. Desturi yetu ni kwamba matanga yakiisha, kila mtu hurudi kwenye kazi yake. Wanawake wale wameifuata desturi. Wametoka msibani moja kwa moja, wamepaka majivu mikononi, wamekaa mbele ya banda lililofungwa. Wamesema hawatoki mpaka kufuli litoke.

Nimesharudi mjini, na bosi amenipigia sasa hivi. Kesho niende Chilangala nikamwandikie majina ya wote waliokaa pale.

Nina mama anayenitegemea. Kazi hii niliitafuta kwa machozi. Naogopa jamani, naogopa sana.

Nitakwenda. Na jina la kwanza nitaandika langu.

Pumzika, Somoe, dada yangu. Pale mlangoni tutakaa sisi.