Mashua ya Maboksi

Jirani yangu Nzioka ametengeneza makabati ya jikoni karibu maisha yake yote. Nyumba nyingi za matajiri wa Nairobi, kule Kitisuru na Karen, zina droo alizozifunga yeye. Ni mtu wa Machakos, mpole, mwimbaji wa sauti ya nne kanisani, na hadi alipopita miaka hamsini alikuwa hajawahi kuingia kwenye maji yanayozidi magoti.

Mkewe Naliaka husema kilichomharibu ni kazi moja ya Karen. Mzee mmoja mjane alikuwa na mashua ndogo ya tanga juu ya trela, akamwita Nzioka amrekebishie kabati la ndani. Nzioka aliinama akaingia, akakaa. Mbele kulikuwa na kitanda, kando jiko, na chini ya kitanda mahali pa kuweka maji na unga. Hakukuwa na nafasi iliyopotea. Alimaliza kazi mapema lakini hakutoka. Aliniambia alibaki pale ameketi, akifungua na kufunga kimlango cha kabati, akifikiria kwamba hii ni jikoni nzuri kuliko zote alizowahi kuona, halafu inaweza kwenda mahali.

Baadaye goti lake la kushoto likamshinda. Daktari alimkataza kupanda ngazi na kubeba mizigo mizito, naye Nzioka akawaachia mafundi wake kazi za nje, akawa anashinda hapa Uthiru. Siku moja akatangaza kwamba ataunda mashua yake mwenyewe, ya plaiwudi, hapo uani. Wangeipeleka kwa lori hadi Port Victoria, upande wa nyumbani kwa kina Naliaka, wawe wanalala ndani yake na kutembea kisiwa baada ya kisiwa.

"Nyumbani kwenu kuna ziwa zima," alimwambia mkewe. "Na mimi sijawahi kuliona vizuri."

Naliaka aliendelea kuchambua mchele.

Binti yao Ivyne, anayefanya kazi ofisini mjini, alimtafutia babake michoro kwenye mtandao, akaichapisha River Road kwenye karatasi kubwa zilizofunika meza nzima. Baada ya kuchuja na kuchuja ikabaki miwili. Mmoja ulikuwa wa mashua nyembamba, pua kali, milingoti miwili, mbavu zimepinda vizuri kama gitaa. Wa pili ulikuwa kama sanduku: pana, bapa chini, pua imekatwa butu, mlingoti mmoja tu. Nzioka aliupenda ule wa kwanza kama kijana anavyopenda. Kila mgeni alionyeshwa ile pua.

Jioni moja Naliaka aliinamia meza ile, akaangalia muda mrefu, akauliza, "Mtu akianguka majini, anarudi ndani aje?"

"Hakuna mtu ataanguka, Mama Ivyne."

"Sijauliza kama ataanguka."

Nzioka alitafuta kwenye mchoro, hakuona jibu. Nyumba ikapoa. Siku kadhaa walizungumza habari za chumvi na funguo tu, mpaka Nzioka akachoka.

"Kama hutaki mashua, si useme tu?"

Naliaka aliweka kikombe chini. "Baba Ivyne, umenioa miaka hii yote na hujawahi kuniuliza vile nilitoka Budalang'i ule mwaka wa mafuriko."

Ndipo akamweleza. Alikuwa msichana mdogo wa shule mto ulipovunja kingo. Walikaa juu ya paa la darasa, yeye na mamake na majirani, mpaka mtumbwi ukaja kuwachukua. Ulikuwa mwembamba. Jirani yao, Mama Veronicah, aliteleza akaanguka majini, na alipojaribu kupanda kwa upande, mtumbwi ukalala, wote wakamwagika. Naliaka aliokolewa na mjomba wake, aliyemkamata kwa nywele.

"Sote tulitoka," alisema. "Mama Veronicah hakutoka."

Nzioka akaanza kukunja karatasi zake. "Basi tuache."

"Nani amesema tuache? Nimekuuliza swali. Nijibu hilo tu."

Jibu la Nzioka ndilo lililotufanya sote tumwone kama amerukwa na akili. Alikusanya maboksi ya friji kutoka kwa maduka ya mjini, akayafunga kwa utepe juu ya fito, akajenga mashua zote mbili pale uani, kwa ukubwa wake kamili. Milcah anayeuza mboga langoni alichungulia akauliza, "Nzioka, mnahama?" Kufikia saa sita ukuta ulikuwa umejaa vichwa.

Walianza na ile nzuri. Naliaka aliingia kwenye chumba cha mashua, kichwa kikagonga dari, akabaki ameinama kama mtu anayegombezwa. Kisha Nzioka akajaribu kupita kwenye kimlango cha kuingilia, kilichokuwa juu. Mguu wa kulia uliingia. Wa kushoto ukakataa kukunjika. Alivuta, akajipinda, boksi likapasuka hadi chini, naye akakaa juu ya nyasi na mlango shingoni. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Yeye pia alicheka, ila baada ya hapo alikaa kidogo akiukanda mguu, akiiangalia ile pua aliyoikata kwa uangalifu sana.

Kwenye ile ya sanduku aliingia akitembea. Naliaka alikaa wima, akanyoosha miguu, akaitisha chai ili aone kama kikombe kina pa kukaa. Nyuma, Nzioka alikuwa amefunga ngazi ya mbao imara, inayoshuka chini ya mahali maji yangefika.

"Haya," alimwambia mkewe. "Shuka. Nyasi ni maji. Umeanguka. Panda."

Naliaka alishuka. Alisimama pale akiishika ngazi. Akapandisha sketi kidogo, akapanda. Akashuka tena, akapanda bila kushikwa mkono.

"Na haitalala?" aliuliza akiwa juu.

Ivyne alikuwa amemwandikia mchoraji wa mashua hiyo, naye alijibu kwamba watu wawili wazima wanaweza kusimama ukingo mmoja na isipinduke. Ivyne akamsomea mamake jibu hilo kwenye simu, polepole, mara mbili.

"Hii," Naliaka akasema.

"Sura yake ni mbaya," Nzioka akanung'unika.

"Sura tutaipaka rangi."

Sasa uani hakupitiki. Kabla ya kununua plaiwudi, Nzioka alichemsha vipande vya kila aina kwenye sufuria ya ugali kuona ni ipi itakayoachana matabaka, na Naliaka akamnunulia sufuria yake mwenyewe. Mbavu zimesimama, ubao wa chini umeshagundishwa, na Jumapili iliyopita tuliombwa sote kuugeuza mwili wa mashua baada ya ibada. Ulikuwa mwepesi kuliko tulivyodhani. Nzioka alikatazwa kubeba, kwa hiyo alituelekeza kwa sauti ileile ya kwaya.

Kila Jumamosi asubuhi mume na mke huenda bwawani kujifunza kuogelea. Lilikuwa wazo la Naliaka. Niliwasindikiza wiki jana. Nzioka bado hawezi kuweka uso ndani ya maji, anasimama pale penye kina kifupi akishika ukuta kama mtoto wa chekechea. Naliaka alivuka kutoka upande mmoja hadi wa pili. Alipofika alishika chuma cha ngazi, akatema maji, akageuka kututafuta kwa macho.

"Mmeona?" aliita.

Tulikuwa tumeona.