Radi, Kompyuta na Wasifu wa Shangazi

Radi ilipopiga mara ya kwanza nilikuwa jikoni namenya vitunguu, na kabla sijawaza lolote mikono ilishaanza kazi. Nikachomoa televisheni. Nikachomoa friji, taa ya sebuleni na chaja mbili zisizochaji kitu. Kioo cha ukutani nikakifunika kwa kanga ya mke wangu. Kisha nikaingia kwenye ofisi yangu, ambayo kusema kweli ni kona nyuma ya kabati la nguo, nikachomoa kompyuta. Kwenye skrini kulikuwa na maandishi makubwa meupe: inajisasisha, tafadhali isizimwe. Niliyasoma. Nina shahada mbili, kusoma najua. Nikachomoa hivyo hivyo.

Kwetu radi ikianza, waya zote hutoka ukutani, na hakuna anayeuliza kwa nini. Nimeishi Toronto miaka ishirini na zaidi, sasa niko Crescent Town ghorofa ya kumi na sita, na mke wangu anasema jengo kama hili haliwezi kukosa vya kulikinga na radi. Inawezekana. Mimi hivyo vya kukinga sijawahi kuonyeshwa. Nilichoonyeshwa, nikiwa na miaka saba, ni redio ya jirani iliyoungua ikabaki kama mkaa, na mama yangu akasema, "Umeona?" Niliona.

Mvua ilipokatika nikachomeka kila kitu. Friji ikanguruma. Kompyuta ikawaka, ikazungusha vidoti vyake, ikazimika, ikawaka tena. Ilifanya hivyo kwa nusu saa, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina lako kwa adabu. Mwisho ikaleta ukurasa wa buluu wenye kitufe kimoja cha maana: futa kila kitu, anza upya.

Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na wasifu wa shangazi yangu.

Hapa nieleze. Katika jumuiya yetu ya Watanzania mimi ndiye mwandishi wa marehemu. Mtu akifariki, simu inanijia, nami nakaa na wafiwa kuandika ule ukurasa unaosomwa kanisani kabla ya mahubiri: alizaliwa wapi, alisoma wapi, ameacha wajukuu wangapi. Vitabu vyangu vina wasomaji wachache, lakini wasifu zangu husikilizwa na kanisa zima, na wahusika hawajawahi kulalamika. Wote wamekuwa wacheshi, wapenda watu na wacha Mungu. Nimewazika walevi wawili waliokuwa wacheshi na wapenda watu.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, anaishi jengo la pili kutoka letu. Alizisikia wasifu hizo kwa miaka, na siku moja akaniita.

"Mimi hutanifanyia hivyo," akasema. "Wangu nitausema mwenyewe, nikiwa hai, na wewe utaandika."

Jumamosi saba nilikaa jikoni kwake na daftari huku yeye akisema. Jioni narudi nyumbani naingiza kwenye kompyuta. Alitaka karatasi zikamilike, azitie sahihi, kwa sababu Jumanne iliyokuwa inakuja alikuwa anapasuliwa moyo. Madaftari nilishayatupa, mimi ni mtu wa kisasa. Nakala nyingine sikuwa nayo. Binti yangu amenihimiza miaka yote nihifadhi mafaili mtandaoni, nami nikakataa kuweka maisha ya shangazi yangu mahali nisipopajua, kwa watu nisioamkiana nao.

Radi ilipiga Jumatano.

Nikampigia binti yangu, anayefanya kazi ya kompyuta Markham. Mimi huongea naye Kiswahili, yeye hunijibu Kiingereza, na tumezoeana.

"Baba, ilikuwa inajisasisha, na wewe ukachomoa?"

"Kulikuwa na radi."

"Bonyeza hicho kitufe. Itajisafisha, utaweka programu upya, kesho utakuwa unaandika."

"Na faili la bibi yako?"

"Baba, huenda limeshaenda. Kaa naye tu, mwandike tena."

Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulionipandisha hasira. Bibi yake ana miaka themanini na mmoja, akipanda ngazi tatu anasimama kuvuta pumzi, na alishasema mambo yale mara moja kwa shida. Jumamosi moja alinyamaza dakika kumi katikati ya sentensi. Sikuwa tayari kwenda kumwambia arudie kwa sababu niliogopa radi. Kitufe sikukibonyeza. Kesho yake nikaichukua kompyuta yote, na nyaya zake, nikaiweka kwenye kitoroli cha sokoni, nikapanda nayo treni.

Nilielekezwa kwa fundi mmoja mama Mkongomani, mwenye kiduka chini ya ghorofa moja St. James Town, kati ya kinyozi na duka la samaki wakavu. Alitazama kitoroli, akanitazama mimi.

"Papa, umeleta bitu bya soko ama umeleta kazi?"

Nikamweleza. Nilipofika kwenye radi sikuinamisha kichwa, nilisema wazi kwamba nilichomoa na ningechomoa tena. Akacheka mpaka akashika meza.

"Hata mie nachomoa," akasema. "Kwetu Bukavu nani hachomoi? Ulisukuma kitu ya kufuta?"

"Hapana. Binti yangu aliniambia nibonyeze, nikakataa."

"Ah, Papa. Hapo ndiyo ulitumia akili."

Ilikuwa sifa ya kwanza kupewa wiki ile, nikaishika kwa mikono miwili. Akafungua kwa bisibisi, akatoa diski, kitu kidogo kama kitabu cha nyimbo, akaiunganisha na mashine yake. Akaisikiliza. Ilikuwa inatoa mlio wa kukwaruza.

"Hii ilikuwa mugonjwa tangu mbele, radi haijapiga. Wewe ulimalizia tu. Urudie kesho."

Ijumaa nilipoingia hakuwa anacheka. Picha nyingi zilipatikana. Faili la wasifu, lile la mwisho, lilikuwapo kwa jina tu. Alilifungua mbele yangu: kurasa sita za viboksi vitupu. Nikakaa juu ya kitoroli changu.

"Ngoja," akasema. "Bile unachunga, bimekufa. Bile ulitupa, ndiyo biko muzima. Hii faili umetupa juma iliyopita. Iko ile ile?"

Nikasoma mstari wa kwanza, nikajua. Ilikuwa rasimu ya awali, niliyoiandika kutoka mdomoni kwa shangazi kabla sijaitengeneza, kisha nikaifuta ili isionekane na mtu. Kwa sababu niliitengeneza, na kumwambia sikumwambia. Macho yake hayasomi tena maandishi madogo, nami kila Jumamosi nilimsomea kutoka kwenye daftari.

Mume wake, aliyefariki zamani, alikuwa mzee wa kanisa, na wadogo zake wawili wako hapa hapa, wanakaa viti vya mbele. Shangazi alikuwa mkunga. Katika faili lililokufa nilikuwa nimeandika: "Alipumzika kazi kwa muda ili kulea familia." Sentensi safi, ya kitaalamu. Katika ile iliyofufuka iliandikwa: "Mume wangu alinikataza kazi miaka kumi na mmoja. Wanawake walikuwa wanakuja mlangoni usiku kuniita, yeye anawaambia naumwa. Nilimtii. Kutii kule ndiko dhambi yangu kubwa."

Fundi akaniwekea diski mpya, na usiku huo nikakaa kuweka programu. Ile kompyuta ilinihoji kuliko maofisa wa uhamiaji. Ilitaka kujua nchi yangu, lugha yangu, kama nakubali masharti ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuyasoma, kisha ikatuma namba ya siri kwenye simu niliyoipoteza miaka minne iliyopita ili nithibitishe kwamba mimi ni mimi. Nilithibitisha kwa barua pepe. Programu ya kuandikia ilipokaa sawa nikafungua rasimu, nikaenda kwenye ule mstari, nikaandika tena: "Alipumzika kazi." Nikausoma. Nilikuwa nimeshinda siku mbili nikigombana na dunia nzima kuokoa maneno ya mtu, na sasa nilikuwa nayaua kwa mkono wangu, tena umeme ukiwapo. Nikaufuta.

Jumamosi nikaenda kwake na karatasi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona umechelewa? Kaa. Soma."

Nikamwambia kwanza. Nikaeleza radi, ambayo aliitikia kwa kichwa kama jambo la kawaida, na diski, ambayo haikumhusu. Kisha nikaeleza nilivyoandika kwamba alipumzika.

"Nilipumzika?"

"Niliogopa mashemeji zako."

"Unawaogopa wale? Nimewafulia nepi wale!" Akapiga meza, kikombe kikaruka. "Umesoma mpaka nywele zimekutoka, na bado unaogopa watu wa viti vya mbele. Ningekufa Jumanne, ungesimama pale useme nimepumzika?"

"Ndiyo, shangazi."

"Angalau safari hii umesema kweli. Soma."

Nikasoma zote sita. Nilipofika pale, sauti yangu ilishuka, akasema "Panda," nikapanda. Akatia sahihi kila ukurasa, herufi moja moja, kalamu ikitoboa karatasi. Binti yangu alikuwa ameingia katikati, amesimama mlangoni na koti lake. Tulipotoka akaniuliza, kwa Kiingereza chake, kwa nini hakuna aliyewahi kumwambia bibi alikuwa mkunga.

Jumanne walimpasua. Alizinduka Jumatano akiulizia meno yake.

Karatasi nilizihifadhi nikijua kazi imeahirishwa kwa miaka kadhaa. Yeye hakujua kuahirisha. Mwezi wa tatu baada ya upasuaji akaitisha ibada ya shukrani, na katika ratiba, baada ya kwaya, paliandikwa jina langu na neno "wasifu." Mchungaji akamwelekeza kwa heshima kwamba wasifu ni wa marehemu.

"Marehemu hasikii," shangazi akasema. "Mimi nataka kusikia."

Basi nikasimama mbele ya watu, yeye amekaa kwenye kiti cha magurudumu chini ya mimbari, na mashemeji zake wawili safu ya kwanza, suti zimepigwa pasi. Nilisoma alikozaliwa. Nilisoma shule. Nilipofika kwenye miaka kumi na mmoja, mkubwa wao alianza kukohoa, kikohozi kirefu kisicho na makohozi, nami kwa uoga wa zamani nikaharakisha sentensi.

Shangazi akainua mkono.

"Rudia hapo," akasema. "Kuna mtu amekohoa."

Nikarudia, polepole, nikimtazama aliyekohoa.